Chupa Kumi na Moja za Chai

Nyumbani kwa Mwanabaraka, pale Umwe, mtu hakuwa akiingia kifua mbele. Aliingia ubavu. Ukiingia kifua mbele utaangusha kitu, na hicho kitu hakikosi kuwa cha udongo. Ukumbini palikuwa na makabati mawili ya vioo, yamejaa vikombe ambavyo havijaonja chai tangu vilipotoka dukani. Chumba cha pili ndicho kilikuwa ghala hasa: masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine mpaka darini, masinia, mahotipoti, ndoo zenye vifuniko, chupa kumi na moja za chai, na magodoro mawili yakiwa bado ndani ya nailoni. Mumewe, Mzee Bushiri, alilala miaka saba na beseni juu ya kichwa chake, na hakulalamika ila siku lilipomdondokea.

Vyombo vyote hivyo vilitokana na mchezo. Wanawake wa kwetu wanaujua: leo zamu ya huyu, wiki ijayo zamu ya yule, wenzake wanamjia na vyombo vichwani kwa ngoma na vigelegele. Mwanabaraka alikuwa kwenye michezo mitatu, wa Umwe, wa Ikwiriri na wa Kibiti, na wiki yake nzima ilikuwa mbio. Kukosa shughuli ya mwenzio ni aibu, na kuwa na kabati lenye nafasi ni aibu zaidi. Alikula amesimama. Alisali mbio mbio mpaka mumewe akamuuliza kama wale malaika wawili wa mabegani wanamuwahi kuandika.

"Vyote hivi vya nini, Mama Rukaya?"

"Vya Rukaya."

Rukaya ni mwanawe wa pekee. Lakini Rukaya aliolewa Kibiti na vyombo vikabaki Umwe, maana kila mama yake aliposhika kimoja ampe, aliona ataharibu seti.

Mwaka huu Rukaya akashika mimba. Desturi yetu ni kwamba mimba ya kwanza hurudi kwao. Binti hujifungua mikononi mwa mama yake, akakandwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga, akamaliza arobaini yake hapo hapo. Mwanabaraka alikuwa akiisubiri siku hiyo kuliko anavyosubiri Idi. Rukaya alikuja kupaangalia, mimba ina miezi sita. Alipojaribu kupita mlango wa chumba cha pili, tumbo likagusa sinia, sinia likagusa masufuria, ikalia ngoma ambayo haikuwa na mpigaji.

"Mama," akasema, "mie na mtoto tutalala wapi humu?"

"Tutapanga, mwanangu."

"Kupanga umepanga tangu sijavunja ungo. Mama mkwe ameshanitengea chumba. Nitazalia kwake tu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma mama yake. Mjukuu wa kwanza akalelewe ukweni, na bibi yu hai, ana chupa kumi na moja za chai! Mwanabaraka alimshika mkono. "Nipe mpaka mavuno yaishe," akasema, na Rukaya akakubali kwa uso wa mtu asiyeamini.

Lakini mpunga haumsubiri mtu. Ulikuwa umeanza kuiva bondeni, ndege wameshapata habari, na ilibidi Mwanabaraka na mumewe wahamie kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa mashambani wakati wa kulinda mpunga. Dungu halina kabati. Mwanabaraka alipanda na sufuria moja, sahani mbili, mkeka, chandarua na khanga za kubadilisha. Siku ya kwanza alihisi yuko uchi. Siku ya tatu alitafuta kitu cha kupanga upya, akaipanga sahani ya kwanza juu ya ya pili, kazi ikawa imekwisha.

Basi akakaa. Ndege wakitua, anavuta kamba yenye makopo, wanaruka, anaachia kamba. Akapika wali na kambale, akala ameketi, mpaka akakwangua ukoko. Akasali na akakaa kwenye mkeka akivuta tasbihi mpaka akaimaliza. Na Mzee Bushiri, ambaye nyumbani husema "ndiyo" na "chumvi", akaanza kusimulia: babu yake alivyokimbizana na kiboko, yeye mwenyewe alivyoogopa kwenda kumposa. Mwanabaraka alicheka dungu likatikisika.

"Kumbe una maneno, mume wangu!"

"Maneno ninayo tangu zamani. Sikuwa na pa kuyaweka."

Mwanabaraka alifurahi, na furaha hiyo ilimtia haya kidogo, kwa sababu haikutoka dukani.

Mpunga ulipoisha kuvunwa wakarudi, na asubuhi ya pili Mwanabaraka akajitwika sufuria kubwa na sahani kumi na mbili mpaka kwa jirani yake Maimuna. "Chukua, shoga. Ni vyako." Akarudi, akajitwika tena. Kufika alasiri alikuwa amepita nyumba tisa, mwepesi kama mwari.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu. Umwe, mtu mzima hagawi vyombo vyake akiwa mzima. Anayegawa anaaga. Jua halijatua, habari zilikuwa zimeenea kwamba Mwanabaraka ameambiwa jambo na daktari na anaficha. Kulipokucha wakaja wote, Maimuna mbele, macho yamemvimba, na kila mmoja amekuja na kile alichopewa. Nani achukue chombo cha mgonjwa? Na kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu, kila kimoja kilijaa: wali wa nazi, maandazi, perege wa kukaanga, bokoboko. Maalimu Kibwana alifika na msahafu kwapani. Mzee Bushiri, akitoka kutafuta kuni, alipoona mikeka imetandikwa nje ya nyumba yake kama ya msiba, aliketi katikati ya njia.

"Mume wangu, inuka! Ni mzima mie!" Mwanabaraka alipiga ukelele.

Nyumba sasa ilikuwa imejaa kuliko jana. Alitazama vile vyombo, akawatazama wale watu waliomlilia usiku kucha, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani, siumwi. Nataka chumba tu. Rukaya wangu apate pa kulala."

"Basi tu?" Maimuna akauliza.

"Basi tu."

"Na mie nimelia mpaka nimeunguza maharage!"

Kicheko kilianzia kwa maalimu. Wakala pale pale, mikekani, mpaka bokoboko likaisha. Walipoinuka Mwanabaraka akawarudishia vyombo. Maimuna akakataa: chombo alichopewa lazima kirudi na kitu, ndivyo alivyolelewa. Mwanabaraka akafikiri kidogo. "Basi kirudi siku ya arobaini ya mjukuu wangu, kimejaa. Tutakula, na kila mtu ataondoka na chombo cha mwenziwe." Hilo hakuna aliyelipinga, maana lilikuwa na chakula ndani yake.

Michezo miwili akaiaga, akabaki na ule wa Umwe, kwa sababu ya ngoma. Magodoro akayatoa kwenye nailoni. Alipokuwa akifagia chumba cha pili, ufagio uligonga mbao ukutani. Akazisukuma. Upepo wa bondeni ukaingia na harufu ya mabua ya mpunga.

Rukaya aliletwa wiki mbili baadaye. Aliingia ubavu kwa mazoea, akasimama, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili na hakugusa kitu.

"Mama! Kumbe pana dirisha hapa?"

"Lilikuwepo tangu hujazaliwa," Mwanabaraka akasema, akaenda jikoni haraka asionekane uso.

Alichemsha chai. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha maua, kile cha seti, akakijaza. Alipokuwa akirudi, alimsikia Rukaya ndani akiongea kwa simu na mumewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulala chali.

"Mwambie mama yako anisamehe, kile chumba amlaze mgeni mwingine. Mie niko kwetu."