Nilivyowaahidi Wake Wawili Kiti Kimoja

Picha moja tu imenigharimu mlango wa tajiri, rafiki wa miaka mingi, na uso wa kutembea nao mchana. Nimehesabu mara mbili, hasara haipungui. Na kosa ni langu, simsingizii shetani!

Mimi ni dalali hapa Mtwara. Rafiki yangu Mfaume alikuwa akichora vichwa kwenye mabanda ya vinyozi. Nikampeleka kwa tajiri mmoja wa korosho kule Mikindani, mwenye nyumba tunayoiita Ikulu. Mfaume akamchora, akampunguza kitambi, akamwongezea shingo. Mzee akaitazama picha, akajipiga paja.

"Huyu ndiye mimi! Nyie siku zote mlikuwa hamnioni vizuri."

Basi Mfaume akapewa chumba, kanzu mpya na sahani yake mezani. Kila mgeni akataka kuchorwa. Na mimi niliyemleta nikawa nakula ubavuni pake. Raha iliyoje!

Sasa, mle ndani vitu huja viwili viwili. Tajiri ana wake wawili na anaogopa lawama: friji mbili, makochi seti mbili. Wake nao wakataka picha. Udalali ukaniwasha!

"Mzee, mbili za nini? Fremu moja, mkae wote watatu. Unaokoa."

Akakubali. Lo! Bi Mkubwa akaniita jikoni.

"Baba, kulia kwa mume ni kwangu, au siyo?" Akanifungia jogoo.

"Kwako, mama. Kwa nani tena?"

Sijafika getini, Bi Mdogo huyu hapa na kitenge. "Shemeji, kulia nakaa mimi."

"Hilo limekwisha," nikasema, nikakikunja.

Siku ya kuchorwa, wote wawili wakakivamia kiti kimoja.

"Nimeahidiwa!"

"Na nani? Niliyeahidiwa ni mimi!"

Tajiri akanitazama. Jamani, nikamsonta Mfaume! "Mpangaji wa viti ni yeye, Mzee."

Maskini, hakuwa anajua lolote.

"Mwongo mkubwa!" Bi Mkubwa akafoka. "Kwani Mfaume ndiye aliyemla jogoo wangu?"

Nikatolewa nje, kiatu kimoja mguuni. Nasikia Mfaume alitafakari kidogo, akamchora tajiri mara mbili, kila mke na mume wake, kila mmoja kulia. Nyumba nzima ikashangilia! Siku hizi haitwi Mfaume tena, anaitwa Fundi Mkuu.

Madalali wenzangu, ukibanwa, banwa peke yako. Usimsukumie rafiki, hasa anayejua kuchora!

Nishaurini. Nataka kumwomba Mfaume msamaha, lakini hatoki mle ndani, simu hapokei, na mlinzi kapewa sura yangu aibandike getini. Kaichora Mfaume mwenyewe. Wengine wote huwapamba. Mimi kaniacha na pengo langu na jicho langu la makengeza. Nimekwenda na miwani, nimekwenda na kofia. Mlinzi anaitazama picha, ananitazama mimi, anacheka.

Nifuge ndevu, au nikae palepale getini mpaka atoke?