Tulia Kwenye Nyasi, Wifi

Mimi nilitaka Gerson aungue. Nalisema mapema ili msije mkanishangaa huko mbele, maana kanisani kwetu wananijua kama mama mpole wa kwaya. Aliyenizuia ni wifi yangu Severina, dada wa marehemu mume wangu Kalinga.

Severina alizaliwa Kalenga, karibu na makumbusho lilipowekwa fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Babu yao hakuwa na habari na fuvu. Akishaonja ulanzi, pombe ya mianzi, alisimulia vita vya Lugalo tu: jinsi Wahehe walivyolala kwenye nyasi, Wajerumani wakapita karibu wakiwa na bunduki zao, na hakuna aliyethubutu kukohoa mpaka ishara ilipotoka. "Mkuki kila mtu alikuwa nao," alisema. "Kazi ilikuwa kutulia."

Severina alikuja huku Mafinga kutafuta kazi kwenye mashamba ya paini. Kaka yake akamfuata, akanioa mimi. Wote wawili walifanya kazi kwa tajiri mmoja, chini ya msimamizi aliyeitwa Gerson.

Kiangazi kimoja moto ukashika shamba. Ukiwa mkubwa namna ile, huwa tunawasha moto wa pili mbele yake, ili ule wa kwanza ukifika ukose cha kula. Lakini unawasha watu wakishatoka. Gerson aliwasha huku Kalinga akiwa bado ndani, anafyeka. Severina alipiga kelele kwamba kaka yake hajatoka. Gerson akamjibu, "Tukimsubiri, miti ya tajiri itaisha!" Miti ikapona. Kalinga tulimzika katika jeneza ambalo hatukuruhusiwa kulifungua.

Gerson aliwaambia wakubwa kwamba marehemu alikaidi amri ya kutoka, nao wakamwamini. Msibani alileta mchele na kreti za soda, akasimama akamwita mume wangu shujaa. Nilikula wali ule.

Nilitaka tumchomee nyumba. Severina akanizuia. Alikwenda kwa viongozi wa kijiji akaomba aongoze kikosi cha moto. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja wao, Sedekia, akamuuliza kama moto atauzima kwa khanga. Walipompa, Severina akanunua filimbi ya refa na kuweka sheria moja: kiberiti hakiwashwi mpaka kila mtu aitwe jina, aitike, na filimbi ilie. Sedekia alipowasha mapema siku tunachoma mabua tu, moto ambao usingemdhuru hata kuku, Severina alimfukuza mbele ya watu. Alirudi mwenyewe kuomba radhi, na siku hizi sheria ile anaisimamia kuliko yeyote.

Gerson naye alipanda cheo, akahamia Mbeya, akawa mtu wa semina. Siku moja tukasikia anafundisha ukumbini huko masomo ya ujasiri na uongozi kutoka kwa Mkwawa. Mkwawa! Severina akanivuta, tukapanda basi, tukakaa viti vya nyuma. Gerson alishika maikrofoni, tumbo limetangulia, akasema kiongozi jasiri hukubali kupoteza mmoja ili kuokoa wengi, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufanya uamuzi huo katika moto, huku kwetu Mufindi. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshanyanyuka, Severina akanikandamiza goti.

"Tulia kwenye nyasi, wifi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apite karibu."

Akapita karibu kweli. Watu wa mjini wanapenda sana mbao, na Gerson akanunua shamba la paini juu kidogo ya kijiji chetu. Severina alipopata habari alicheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

Oktoba mwaka jana moto ukatokea ng'ambo ya mlima, upepo ukauleta kwetu. Katikati palikuwa na shamba la Gerson tu. Severina akatupanga kwenye barabara iliyo chini ya shamba hilo. Moto wa pili ungeanzia pale, ungekula miti ya Gerson, kijiji kingepona. Watu wananiuliza kama hapakuwa na mahali pengine pa kuwashia. Sijamuuliza wifi, wala sitamuuliza.

Akaita majina, wote wakaitika. Ndipo Sedekia akasema, "Mama, Gerson yuko humo ndani. Nimemuona anaingia na panga, eti aokoe miti yake."

Nilimshika Severina mkono. "Huyo sio wa kikosi chetu. Piga filimbi."

"Akifia humo, wifi, watamwita shujaa," akanijibu. "Wali utapikwa."

Akaniachia filimbi na kiberiti, akaniambia nisiwashe kabla hajarudi, akazama kwenye moshi na Sedekia. Nilisimama pale nikimchukia Gerson kwa mara ya pili, kwamba sasa na wifi yangu naye ataniulia. Majivu yalitudondokea vichwani. Hakuna aliyekimbia.

Walitoka wakimburuta kwa kola, amebaki na kiatu kimoja. Alipoona kiberiti mkononi mwangu alipiga magoti.

"Mama zangu, nawaomba! Nimeweka akiba yote ya uzee wangu humo!"

"Kalinga ulimwacha ndani, miti ikapona," Severina akamwambia. "Wewe nimekutoa. Miti inabaki ndani." Kisha akanigeukia. "Ita jina lake, wifi."

"Gerson!" nikaita.

Akafunga mdomo. Sheria yetu alikuwa ameshaisikia: asipoitika, hatuwashi. Moto ulikuwa umefika kileleni, tunausikia unavyovunja matawi.

"Nyamaza tu, bosi," Severina akasema, akaketi chini kando yake. "Tutakaa hapa na wewe, wote. Si ndiyo ujasiri unaofundisha?"

Sedekia naye akaketi. Kikosi chote kikaketi. Gerson akaangalia miti yake, akatuangalia sisi, akauangalia moto.

"Nipo," akasema.

Nikapiga filimbi. Nikawasha mimi, mjane wa Kalinga, na Severina akamshika kidevu ili asigeuze uso.