Bahasha za Njia ya Ziwani

Waliposikia kwamba nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya ofisa mipango katika manispaa moja ndogo jirani na Stockholm, Watanzania wenzangu niliokuwa nikinywa nao kahawa pale Skärholmen walicheka mpaka vijiko vikalia mezani. Fundi bomba mmoja wa Tanga, mwenye ulimi mkali kuliko koleo zake, alisema, "Watakuajiri kupanga kweli, ndugu yangu. Utapanga viti." Mwenzake akaongeza kwamba ile stashahada yangu ya mipango ya miji, niliyoitolea jasho Dodoma, ingefaa kufungia vitumbua. Nilikuwa nimepiga deki korido za hospitali ya Flemingsberg kwa miaka sita, nikijifunza Kiswidi kwa kusoma maandishi ya milangoni, na mtu aliyejifunza lugha milangoni hakosi pa kuingilia.

Nilipata kazi. Walinipa mkataba wa majaribio, lakini nilipata.

Siku ya kwanza ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Nilivaa suti ya kijivu, tai nyekundu na viatu nilivyovipiga rangi mara mbili. Nikawakuta maofisa wenzangu wamevaa masweta na soksi, viatu vyao vimepangwa mlangoni kama kwa jirani. Mkuu wa Kitengo, mama mrefu mwenye sauti ndogo, alinipa mkono. Nikamwambia, "Shikamoo, Mheshimiwa," nusu Kiswahili nusu Kiswidi. Akageuka nyuma kuangalia ni nani mkubwa aliyeingia.

"Hapa tunaitana majina tu," akasema.

"Sawa, Mheshimiwa."

Katika kumbukumbu hizi nitamwita kwa cheo chake, maana mimi nimelelewa.

Vijana mnaosoma mipango leo mna ramani kwenye simu, lakini wengi wenu hamjui ruzuku ni nini. Serikali kuu hutenga fungu kwa ajili ya makazi yaliyoachwa nyuma, na manispaa huliomba kwa maandishi. Ni fungu la masharti. Ukisema utajenga njia, jenga njia. Ukijenga uzio, utarudisha hela. Tena ruzuku hulipia kujenga, hailipii kutunza. Kwa hiyo mpangaji mwenye akili, kabla ya kuuliza tujenge nini, huuliza nani atakifagia. Swali hilo hakuna aliyelijua ofisini kunishinda, kwa kuwa wote walisoma na mimi nilisoma na kufagia.

Mtaa niliopewa ulikuwa wa maghorofa ya zamani, nyuma yake kuna ziwa dogo na ng'ambo ya ziwa kituo cha treni. Ramani ya ofisi ilionyesha njia moja tu, ile ya lami inayozunguka kupitia barabara kuu. Nikaenda kuangalia mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo theluji ilikuwa imeanguka, na nilipofika ilikuwa imenyamaza, anga na ardhi vina rangi moja, huwezi kujua kipi kimekaa juu ya kipi. Nilisimama pale kama mtu aliyeamshwa ndani ya ndoo ya maziwa. Ndipo nikaiona njia yenyewe. Kutoka kila mlango wa maghorofa nyayo zilitoka, zikashuka, zikakutana chini ya miti, zikafuata ukingo wa ziwa kuelekea kituoni. Kwenye lami ya manispaa hapakuwa na unyayo hata mmoja, isipokuwa wa ndege.

Nyayo zile zilikuwa za watu wa zamu: wauguzi, madereva, wapishi. Hapakuwa na taa. Saa tisa alasiri, jua likishazama, rangi ya buluu ilianza kupanda kutoka kwenye barafu, ikafunika miti, ikafunika nyayo, na wanawake wakapita karibu nami wameshika simu mbele kama vibatari, wakitembea haraka bila kusema.

Kesho yake nilimchorea Mkuu wa Kitengo nyayo zote kwa penseli. Akazifuata kwa kidole mpaka kituoni. "Nani alikufundisha kusoma theluji?"

"Nilijifundisha," nikasema, na sikudanganya. Huku kwetu Kondoa mchungaji husoma vumbi. Theluji ni vumbi lililopata mshahara.

Tukakubaliana kuombea ruzuku njia ile, na taa zake. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu tangu hapo, na sharti kubwa lilikuwa ushahidi kwamba wakazi wameshirikishwa. Pale walikaa Waswahili wengi wa kila namna, kutoka Kongo, Kenya, Burundi na kwetu, na barua za manispaa kwa Kiswidi zilikuwa zinaishia kwenye pipa la karatasi. Mkuu wa Kitengo akasema tangazo la mkutano lipelekwe kwa wafasiri.

"Mfasiri wa nini, Mheshimiwa, na mimi nipo?"

Hapo ndipo nilipojikwaa, nami nawasimulia ili msijikwae hapo hapo. Kwa Kiswidi ruzuku huitwa *bidrag*. Ukilivunjavunja neno hilo utaona asili yake ni kitu ambacho mtu anakileta, yaani mchango. Nikaona "ruzuku" ni neno la vitabuni litakalowatisha watu. Nikaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI MKUTANO WA MCHANGO WA NJIA YA ZIWANI. Nikabandika kwenye kila lifti kwa mikono yangu. Nilipendezwa nalo mno. Nilikuwa naingia kwenye lifti nisiyo na safari nayo, ili nilisome tena.

Mkutano, Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, ulijaa. Katika kitengo chetu hawakuwahi kuona wakazi zaidi ya wanne na mbwa. Siku hiyo watu walisimama mpaka kwenye ngazi. Mkuu wa Kitengo aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeokota kito. Nikaeleza ramani kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kiswidi, nikapigiwa makofi kwa lugha zote mbili.

Kisha akasimama Mama Furaha, mama wa Uvira aliyekuwa msaidizi wa wauguzi na kiongozi wa kwaya. Alivaa kitenge juu ya koti la baridi, na mkononi alikuwa na mfuko wa nguo. Akauweka mezani mbele yangu.

"Papa, tulisoma barua yako. Tulizunguka milango yote. Iko byote humo, na majina."

Nikafungua. Bahasha. Nyingine za harusi, zenye maua. Nyingine za benki zilizogeuzwa. Ndani yake noti.

Huku kwetu anayesoma "mchango" haji mikono mitupu. Niliita mchango, wakachanga.

Mkuu wa Kitengo akainama sikioni mwangu. "Hizi ni nini?"

"Ni... mapenzi ya wakazi, Mheshimiwa."

"Ni fedha taslimu. Ziko mbele ya ofisa wa manispaa, wiki ya maombi."

Ofisini alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliongea taratibu, kwa ile sauti yake ndogo. Ofisa hapokei noti kutoka kwa raia. Kwa nje hakuna anayeweza kutofautisha bahasha ya harusi na ya hongo. Tena fomu inauliza kama kuna fedha nyingine katika mradi, na yeye hawezi kutia sahihi juu ya uongo. "Kila noti irudi kwa mwenyewe, na kila mwenyewe atie sahihi kwamba imemrudia. Una mpaka Alhamisi jioni. Ikibaki bahasha moja, siwezi kupeleka maombi." Akatazama dirishani. "Wala sitaweza kukuombea mkataba wa kudumu."

Njia, taa na kazi yangu, vyote vikawa ndani ya mfuko wa Mama Furaha.

Nilianza Jumanne asubuhi, nikiwa na daftari la majina na kalamu mbili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Otieno, Mkenya dereva wa basi, aliyefungua akiwa na mswaki mdomoni. Nikaeleza. Akautoa mswaki.

"Unanirudishia? Mzee, unajua nilivyohangaika? Hapa hata sadaka kanisani tunatoa kwa simu. Nilizunguka mji mzima natafuta noti!"

"Najua, ndugu yangu. Tia sahihi tu hapa."

"Kwani mradi umekufa?"

"Haujafa."

"Umekufa. Harambee ikirudi nyumbani hiyo si harambee tena, ni matanga." Akafunga mlango kwa heshima, polepole, kama mtu anayefunga jeneza.

Ghorofa ya pili, jibu lile lile kwa lafudhi ya Bujumbura. Ya tatu, mama wa Kigoma aliniambia kwamba mchango wa harusi ukirudi maana yake bwana harusi ametoroka, na yeye hapokei mkosi mlangoni kwake. Binti yake, aliyezaliwa Uswidi, akamwambia kwa Kiswidi kutoka sebuleni, "Mama, chukua tu, ni hela zako!" Mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba yeye hajui kitu. Mpaka jioni nilikuwa na sahihi mbili, nazo ni za watu waliodhani wanajiandikisha kwaya.

Jumatano nilirudi kwa Otieno. Nilikuwa nimechoka, soksi zimelowa, kidirisha cha ngazi kimeganda maua ya barafu, na nilihisi kama natembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine ambaye hataki kuamka. Nikamwambia, bila kupanga, mimi mpangaji, "Basi hesabu kwamba nilikukopa. Nilikukopa Jumatatu, leo nakulipa."

Akanitazama. "Ulinikopa?"

"Nilikukopa."

"Hapo sasa unaongea." Mkono ukatoka. "Deni ni jambo lingine. Nani anakataa kulipwa deni? Leta kalamu. Na siku nyingine ukikopa, uje na sukari."

Vijana, nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, na hakuna iliyonifunza zaidi ya kizingiti kile. Karatasi ilisema kwa Kiswidi kwamba fedha zimerejeshwa. Mdomo wangu ulisema kwa Kiswahili kwamba nalipa deni. Na vyote viwili vilikuwa kweli. Nilipanda na kushuka ghorofa zote. "Hodi, nimekuja kulipa." Milango ikafunguka. Mama wa Kigoma alihesabu, akanikaribisha chai, akaniambia si wanaume wengi wanaolipa kabla ya kudaiwa. Walitaniana ngazini kuwa ofisa mzima wa manispaa anakopa mtaa mzima bila kujua. Nilicheka nao. Nilikuwa mdaiwa wa watu wote wa mtaa ule, na sijawahi kutembea nimenyoosha mgongo kama siku hiyo.

Leo nimestaafu, nimerudi Kondoa, nimejenga nyumba ya mawe yenye veranda pande mbili, na stashahada yangu iko ukutani ndani ya fremu ya Kiswidi. Niliongoza maombi mengine mengi ya ruzuku baada ya yale ya kwanza. Wakuu wa Kitengo watatu walikuja na kuondoka nikiwa pale, na wote waliacha maneno mazuri kwenye faili langu. Ninayo nakala, anayetaka aje asome. Wakati mwingine, mchana wa joto, nikifumba macho verandani, weupe ule hurudi wenyewe, pamoja na nyayo zinazoshuka bila watu. Huwa nauliza ni kazi gani hasa niliyoifanya miaka yote ile. Nadhani nilikuwa nasikiliza, na wakati nilipoacha kusikiliza ndipo nilipoandika lile tangazo. Lakini mkinibana niseme ni siku ipi ninayojivunia, sitataja siku yoyote ya ruzuku. Nitataja Alhamisi ile.

Alhamisi ilibaki bahasha moja, ya Mama Furaha mwenyewe. Alikuwa zamu. Nikapanda treni mpaka Flemingsberg, nikaingia ile hospitali ya deki zangu kwa mlango wa mbele, nikiwa na tai, nikamkuta kwenye chumba cha kupumzikia watumishi, miguu ameiinua juu ya kiti, anakula wali kwenye kopo.

"Papa," akasema, "nilisikia unalipaka watu deni."

"Umebaki wewe, Mama."

Nikaweka bahasha mezani. Hakuigusa. Nje ya dirisha rangi ya buluu ilikwisha kufika, na taa za maegesho zilikuwa zikiwaka moja moja.

"Sikiliza. Ni weye njo uliandika mchango. Miye nilisoma, nikasema bon, ni cotisation, ni kuchanga, tutoe. Unajua juu ya nini tulitoa?"

"Juu ya njia."

"Hapana. Kwetu, mutu asipotoa, kwenye mukutano hasemake. Anakaa nyuma, anasikiliza wenye walitoa. Miaka yote hapa tunakaa nyuma. Tulitoa juu tupate kusema." Akasogeza kopo pembeni. "Sasa franga unaturudishia. Na ile kusema yetu, nayo unaturudishia?"

Nikaisogeza bahasha karibu naye.

"Hapana, Mama," nikasema. "Kusema hamkunikopesha. Ni kwenu."

Alinitazama kama anayepima joto la mgonjwa kwa macho tu. Kisha akafungua bahasha, akahesabu noti, akazihesabu mara ya pili kwa kulamba kidole, kama inavyostahili kuhesabiwa hela ya mdaiwa. Akazitia kifuani. Akachukua kalamu yangu na kuandika jina lake lote, na la ukoo, na la ubatizo, mpaka likavuka mstari.

"Voilà. Umelipa. Huna deni kwa mutu." Akashusha miguu, akavuta kile kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Sasa kaa, ufungue hiyo daftari. Nikuambie taa ya kwanza itakaa wapi."