Kuni Mbichi na Kiti cha Babu

Mjomba wangu anaitwa Kuni Mbichi. Jina lake halisi lipo, limeandikwa hadi kwenye kibao cha karakana, lakini ukiuliza mtaani kwa jina hilo watu wanakutazama kama umepotea njia. Sema Kuni Mbichi, hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole.

Lilimganda hivi. Mjomba ni fundi makochi. Anavua kochi lako nguo kuukuu, anatoa sponji iliyolala, anashindilia mpya, anavisha kitambaa, mpaka wifi yako akija anaanza kuuliza hela umetoa wapi. Hajawahi kuvuta hata sigara. Sasa asubuhi moja jirani yake, fundi wa kuchomelea, akaona moshi unafuka nyuma ya karakana. Sponji na moto mnajua wenyewe. Akaja mbio na ndoo ya mchanga, akakata kona, akamkuta mtu mzima kajikunyata ukutani, macho mekundu, machozi yanamtiririka, mdomoni kabana kiko.

"Fundi, unavuta tumbaku au umewasha kuni mbichi?"

Mjomba akataka kujibu, akakohoa. Akataka tena, akakohoa zaidi. Mchomeleaji akaweka ndoo chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Kufika mchana jina lilishafika mwisho wa mtaa, na jioni lilikuwa kwenye grupu la familia. Msiniulize nani alilipeleka.

Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa sijajua kilichomfanya mtu wa umri ule aanze kiko.

Kiko kilikuwa cha babu, baba yake mjomba. Babu alikuwa na kiti chake dirishani, kile cha mikono mipana, na kila jioni alikaa akavuta taratibu, bibi pembeni yake kwenye kigoda. Babu alipofariki, bibi akahamia kwenye kiti. Anaegemeza shavu pale palipokuwa na kichwa cha babu, anasinzia, anakula hapo hapo. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuingia na kutoka kama wapangaji wasumbufu, lakini akiwa kwenye kile kiti alitulia. Na alikula. Mjomba akipita kumsalimia baada ya kazi, utamsikia: "Kitindamimba wangu huyo." Mjomba ana mvi kwenye ndevu, ana watoto wanaomzidi urefu, lakini ndiye wa mwisho kuzaliwa na bibi hakuwahi kumwita kingine, hata mbele ya wateja.

Kiti chenyewe kilikuwa aibu. Springi imechomoza, kitambaa kimejaa matundu ya cheche. Fundi makochi gani anamkalisha mama yake pale? Basi bibi alipokuja kwetu wikiendi, mjomba akakibeba. Akakivua chote, sponji ya zamani jalalani, kitambaa jalalani, akakivisha kijani cha kung'aa, na vifungo juu. Kazi safi jamani. Nilipiga picha nikaposti, watu wakamwaga mioyo.

Bibi akarudi nyumbani. Akakaa, akaegemeza shavu. Akanusa. Akageukia upande wa pili, akanusa. Akasimama.

"Kiti hiki cha nani?"

"Chako, Mama. Nimekutengenezea."

"Hapana. Changu kina mzee. Hiki hakina mtu."

Tangu siku hiyo hakukikalia tena. Alishinda ukingoni mwa kitanda, uji unapoa mkononi. Ukimlisha, anafungua mdomo kwa adabu tu, halafu anaufumba. Nguo zikaanza kumpwaya. Nesi akaja akampima, akasema ugonjwa haoni, ila asipokula hatakaa nasi sana. Mjomba alirudi jalalani kuitafuta ile sponji. Hilo hakuniambia yeye. Aliniambia mchomeleaji, na siku hiyo hakuwa anacheka.

Sponji ilishachomwa na takataka nyingine. Ndipo mjomba akakumbuka kiko, na kopo la tumbaku ya babu lililobaki kabatini. Hesabu yake ilikuwa hiyo tu: harufu ameitoa yeye, airudishe yeye.

Akaanza kujifunzia nyuma ya karakana. Shida, alijaza kiko kama anajaza kochi. Anatia tumbaku, anasukuma kwa kidole gumba, anatia, anasukuma, mpaka inakuwa kizibo. Akivuta hewa haipiti, mashavu yanabonyea. Akichokonoa ikafunguka, moshi unakwenda wote kifuani, anakimbilia bombani kutapika.

"Mjomba, mtandaoni wanasema moshi unaishia mdomoni, haushuki."

"Waambie hao wa mtandaoni waje wavute wao."

Jioni ya kwanza alikaa kwenye kile kiti cha kijani, akafunga dirisha, akawasha. Sauti ya bibi ikatoka chumbani: "Nani kaunguza sufuria huko?" Kicheko kilinibana. Nikamwona mjomba usoni, kikaisha chenyewe. Uji wa siku hiyo ulirudi kama ulivyokwenda.

Kesho yake akakaa tena. Kiko kinazimika, anawasha, kinazimika, njiti zimejaa miguuni. Nikainua kichwa, bibi yuko mlangoni, anamtazama. Akaja polepole, akakichomoa mdomoni mwake.

"Unashindilia nini, godoro?"

Akakigonga kiganjani, akaimwaga ile tumbaku, akaifikicha kwa vidole, akaiacha idondoke ndani kwa kulegea. Juu akaigusa kidogo tu, kama unavyopima homa kwenye paji la mtoto. Kumbe miaka yote hiyo bibi ndiye aliyekuwa akikijaza. Babu kazi yake ilikuwa kuvuta. Hata mjomba, aliyekulia kwenye nyumba ile, hakujua.

Akapiga kiberiti mwenyewe, akakizungusha. "Taratibu. Hakuna anayekukimbiza."

Moshi ukatoka mwembamba, na chumba kikanuka babu. Bibi akavuta kigoda, akakaa.

"Mjukuu wangu, lete hicho chakula."

Akala, sahani ikabaki nyeupe. Nikamgeukia mjomba tufurahi, nikamkuta ameganda. Bibi alikuwa ameweka mkono kwenye goti lake.

"Mzee, kitindamimba wetu hajarudi bado? Nimfunikie chakula?"

Mjomba akatoa kiko. "Mama, ni mimi."

Uso wa bibi ukaanza kujifunga. Akatazama kiti, akatazama mlango, akaondoa mkono.

Mjomba akakirudisha kiko mdomoni. "Yuko njiani," akasema. "Mfunikie."

Ndivyo jioni zetu zilivyo sasa. Mjomba anafunga karakana, ananawa, anakaa kitini. Bibi anajaza kiko, anakula, mwili unarudi. Tulijaribu kukiwasha na kukiacha tu kwenye kisahani, akazunguka nyumba nzima anamtafuta mzee wake. Nesi amemsikia mjomba anavyokohoa, amemwambia aache, naye kaitikia vizuri kabisa. Kuitwa kitindamimba ndiyo basi. Juzi bibi alimlalamikia: "Huyu mtoto wako siku hizi hata kunisalimia haji." Mjomba akaahidi kuzungumza naye.

Nilimuuliza kama niwaambie watu mtaani waache lile jina.

"Liache," akasema. "Hilo angalau wananiita mimi."

Sasa nyie. Wa kunieleza madhara ya tumbaku, nesi kawatangulia, pumzikeni. Ila kama kwenu kuna mtu aliyelazimika kuwa mtu mwingine ili mzee wenu ale, andika hapo chini ilikuwaje. Hasa kama mlipata namna mtoto akarudi kuwa mtoto na sahani bado ikaisha. Nitamsomea mjomba.