Moto wa Juu ni Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, nilipokuwa nimemaliza sekondari na sina kazi ila kungoja matokeo. Niliishi na mama yake baba yangu, tuliyemwita Mukaka, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Bwera kwa juu. Wewe hukumkuta. Alikuwa mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti, tena kiongozi wa akina mama kanisani. Ukichelewa ibada alikukazia macho mpaka ukatamani kurudi nyumbani.

Nyuma ya kahawa zake, juu mlimani, kulikuwa na mwamba uliojiinamia kama paa. Watafiti wa mambo ya kale walikuja kuchimba chini yake, wakiongozwa na mama mmoja kutoka Kampala, tuliyemwita Dokta. Mimi nikapewa kazi ya kuchekecha udongo na kuokota vipande vya makaa. Nilijiona mtu! Hatukuyagusa kwa mikono. Tuliyaokota kwa kibanio na kuyafunga katika karatasi ya kung'aa. Dokta alinieleza kwamba mti ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani, na ukishakufa, sehemu fulani ya kaboni hiyo huanza kupungua, polepole sana. Maabara hupima iliyobaki, ikajua moto uliwashwa zamani gani. Alitaka kujua watu wa kale waliishi vipi hapa mvua ilipobadilika, maana hata sisi mvua ilikuwa imeanza kutuchezea.

Basi, makaa ya kwanza yalitoka juu juu, Dokta akafurahi sana. Mimi nikaacha kuchekecha, kwa sababu moto ule niliujua. Kila kiangazi kilipozidi na kijito cha karibu na mwamba kikaanza kukauka, Mukaka alikwenda pale alfajiri na kijinga cha moto, akawasha kati ya mawe. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo, ili waliotutangulia wajue nyumbani bado kuna mtu. Kiongozi wa akina mama, mwanangu! Kanisa likijua, lingemvua uongozi, na uongozi ule ndio uliomfanya aamke kila asubuhi tangu babu yangu alipofariki. Lakini nikinyamaza, makaa yake yangepelekwa ng'ambo kama makaa ya kale, na Dokta alikuwa na uwezo wa kupima vipande vichache tu.

Sikumwambia Dokta. Nilimwendea Mukaka jikoni, akimenya muhogo, nikamweleza yote. Alimenya mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza, "Huyo mama ametoka mbali hivyo kutafuta ukweli, na mimi ndiyo nimdanganye?"

Kesho yake akapanda mlimani na nguo zake za Jumapili, huku magoti yakimuuma. Wachimbaji wote walikuwa watu wa kanisa lake, na Masereka, mzee wa kanisa, alikuwa ndani ya shimo.

"Dokta," akasema, "hii moto ya juu ni yangu. Mimi ndiyo nawashaka, jua ikikuwa kali. Ya chini sijui ni ya nani."

Masereka akatoka shimoni, akavua kofia, akajipangusa vumbi. Nikadhani anakwenda kumwita mchungaji.

"Mama," akasema, "na magoti yako hayo? Si ungeniambia tu, ningekubebea kuni."

Nililia pale pale juu ya chekeche. Mpaka leo nampenda mzee yule kwa maneno yale.

Walitenga majivu ya moto wa Mukaka, wakaendelea kuchimba, na chini ya udongo mgumu wakakuta majivu mengine. Majibu yalichukua miezi mingi. Dokta aliyaleta mwenyewe, akaketi nasi mkekani. Moto wa chini ulikuwa wa maelfu ya miaka, kabla ya ukoo wetu, kabla ya ukoo wowote tunaoweza kuutaja. Matope yaliyotolewa chini ya ziwa kule bondeni, yakapimwa kwa njia hiyo hiyo, yalionyesha kwamba enzi ile ziwa lilirudi nyuma na mvua ilikuwa haba.

Nilimwonea huruma Mukaka. Maisha yake yote aliwawashia moto wazee wa mumewe, kumbe pale walikaa watu wengine.

"Kwa hiyo hao si watu ya kwetu?" akauliza.

"Hatujui walikuwa nani, Mukaka," Dokta akajibu.

"Na mvua ilikataa kuwanyeshea?"

"Ilikataa. Muda mrefu."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Pole yao," akasema. "Hata mimi ningekimbilia hapo."

Kiangazi kilichofuata, akiwa bado kiongozi wa akina mama, alipanda tena, safari hii mchana kweupe. Masereka alimfuata na mzigo wa kuni, akiulalamikia mlima njia nzima. Dokta alikuwa ameomba awashe pembeni ya shimo, naye akatii.

Sasa wewe unakwenda shule ya bweni Kasese, mwanangu, utakaa na watu usiowajua. Ukiwa na moto wako, sema ni wako, kabla mwingine hajaupima akapotea. Ukijua siri ya mtu, mpelekee mwenyewe kwanza. Na mtu akikufungulia moyo, usikimbilie kumhukumu. Yatazame magoti yake. Mvua zinabadilika tena, watu watahama tena, na atakayekuja kuota moto kwako usianze kwa kumuuliza ni wa ukoo gani.

Nenda, Mungu akutangulie njiani. Akupe mahali pa kuota moto, na mtu wa kukubebea kuni.