Shada la Ersilia

Ersilia Cantalupo alikuwa mfumaji wa blanketi za sufu, na kijijini kwetu Roccaspina hapakuwa na aliyemzidi kwa kufunga shada la Yohane. Mwaka ule shada hilo lilibeba jambo zito. Binti yake, Loreta, alikuwa na mimba iliyokaa vibaya, na mkunga wetu alikuwa mmoja tu, Concezia. Naye Concezia alikuwa ameapa kutokanyaga kizingiti chao, kwa sababu wifi wa Ersilia alimwita mchawi kisimani, mbele ya watu.

Desturi yetu ilitoa njia. Asubuhi ya sikukuu ya Yohane Mbatizaji, mwanamke humpelekea mwenzake shada la maua yaliyolala nje yakipata umande. Akirudishiwa shada jingine kabla jua la sikukuu ya Petro, siku tano baadaye, halijatua, wawili hao huwa makomare, ndugu wa kiapo, hadi kufa, na komare hamnyimi komare mwenzake msaada.

Ersilia aliliweka shada mlangoni pa Concezia, akarejea nyumbani. Loreta, aliyejilaza karibu na dirisha, akamwuliza:

"Mama, yale ya manjano hukuyatia, eti?"

"Nimeyatia. Shada gani la Yohane lisilo na..."

Akaitazama mikono yake. Mikono ilikuwa imefanya kazi kwa mazoea. Maua yale ndiyo tuyaitayo fukuza-shetani, tunayoyatundika milangoni ili wachawi wasiingie.

"Mama! Si bora ungemtupia mawe?"

"Punguza sauti, mwanangu. Mjukuu wangu asiisikie aibu yangu kabla hajazaliwa."

Kulifuata hakukuwezekana, shada lililokwisha kuwekwa haliondolewi na mkono ulioliweka. Ersilia akasubiri. Kila alipokwenda kisimani, wifi yake alimpokea kwa kicheko: "Haya, umepata komare, au umefukuza shetani?" Concezia alipita bila kumtupia jicho.

Sikukuu ya Petro ikafika, na alfajiri uchungu ukamshika Loreta. Jua lilipoanza kuinamia mlima, alikuwa aking'ata shuka, na mtoto hajasogea. Ersilia alisimama mlangoni akiitazama barabara tupu.

Ghafla vicheko vya kisimani vikakatika. Concezia alikuwa akiteremka katikati ya barabara, bila haraka, amebeba shada bichi mkononi. Kifuani na katika nywele zake alikuwa amechomeka maua ya fukuza-shetani, yaleyale ya Ersilia, yaliyokwisha kunyauka. Alipofika kisimani akasimama mbele ya yule wifi.

"Nitazame vizuri, bibi wee. Nimeyavaa tangu asubuhi. Unaniona natoa moshi?"

Concezia akaendelea hadi mlangoni, akampa Ersilia shada.

"Nilidhani umenitukana," alisema.

"Nilisahau tu, komare. Naapa kwa Yohane mwenyewe."

"Najua. Ujanja wa kunitukana kwa maua huna wewe." Akaanza kukunja mikono ya gauni. "Maji yamechemka?"

"Yamechemka."

"Basi nipishe."

Akakikanyaga kizingiti, maua yangali nyweleni.