Bambo la Baba

Katika duka la vitu vya kale pale Ndia Kuu, muuzaji ananishikisha chuma chenye ncha kali. "Kisu cha Wareno hiki, mama." Nanusa mfereji wake. Kahawa mbichi.

Kisu gani! Hili ni bambo. Kwa kama hili Baba alikuwa akitobolea magunia ya kahawa ya bara boharini Mbaraki, azikague punje kabla hazijapakiwa melini. Mchana mmoja nilimpelekea chakula, joto likanilaza juu ya magunia, nimejifunika gunia tupu. Nikazinduliwa na kelele za msimamizi.

"Hima, meli yangoja! Toboa hilo la pembeni!"

Gunia la ubavuni mwangu lilitobolewa, nikasikia punje zikichuruzika.

Baba alikuwa na desturi ya kulipapasa gunia kabla ya kulitoboa. Wenzake walimcheka, eti analibembeleza. Kiganja chake kikatua utosini pangu. Kikatulia hapo.

"Hili nishalitoboa, bwana," akasema.

"Nikufungie, mama?" muuzaji ananiuliza.

Ncha nimeielekeza sakafuni. Mkono wangu wa pili uko juu ya utosi.